Aliyezuia Hadai

Mwaka 1836, mafundi seremala wa Liverpool, Uingereza, walichukua kazi ya mbao katika kiwanda cha bia kilichokuwa kikijengwa mjini humo. Masharti yalikuwa machache na makali. Kazi iishe ndani ya miezi 4 na nusu tangu siku ya kutia sahihi, na muda huo ukipita, kila wiki itakayozidi itawagharimu pauni 40. Hiyo haikuwa fedha ndogo. Fundi wa kawaida wa nchi ile alihitaji miezi kadhaa ya jasho kuipata.

Wakaenda kuanza kazi, wakakuta pa kuanzia hapapo. Wenye kiwanda walikaa wiki 4 bila kuwakabidhi jengo. Walipolikabidhi, mafundi walipoteza wiki 1 kwa makosa ya watu wao wenyewe, kisha wakasimama tena wiki 4 wakiwangoja waashi, na waashi hao waliletwa na wenye kiwanda, si na maseremala. Kazi ikaisha ikiwa imechelewa. Siku ya malipo ilipofika, wenye kiwanda walifungua mkataba, wakahesabu wiki, wakakata fedha. Mafundi wakaenda mahakamani.

Kesi hiyo, Holme dhidi ya Guppy, iliamuliwa mwaka 1838 na Mahakama ya Exchequer, hukumu ikasomwa na Baron Parke, mmoja wa majaji waliokuwa wakishika maandishi ya sheria kama yalivyo, bila huruma. Mtu akiisikia leo atafanya hesabu haraka: wiki 8 ni mzigo wa wenye kiwanda, wiki 1 ni mzigo wa mafundi, basi wakatwe pauni 40 wakapatane. Parke hakuwapa wenye kiwanda hata hizo 40. Hoja yake ilikuwa kwamba mafundi waliahidi kitu kimoja tu, kumaliza ndani ya miezi 4 na nusu kuanzia tarehe ya mkataba. Ahadi hiyo iliharibiwa na wenye kiwanda wenyewe siku ile waliposhindwa kukabidhi jengo. Mafundi hawakuahidi popote kumaliza ndani ya miezi 4 na nusu kuanzia tarehe nyingine itakayotokea baadaye, na mahakama haina kazi ya kuwaandikia watu mkataba mpya. Tarehe imekufa, na faini iliyotundikwa kwenye tarehe hiyo imekufa nayo. Mafundi walibaki na wajibu wa kumaliza kazi katika muda wa busara, basi.

Hukumu hiyo ndiyo inayotajwa mpaka leo kila mkandarasi anapokatwa fedha za ucheleweshaji ambao hakuuanzisha yeye. Ninaipenda kwa sababu inaonyesha upande wa mkataba ambao hauandikwi. Mikataba huandikwa na anayelipa, au na wakili wake, na ukiisoma utakuta orodha ndefu ya wajibu wa anayelipwa: atafanya hiki, atakabidhi kile, akichelewa atakatwa. Kazi ya mwenye kazi haionekani kwenye karatasi. Lakini ipo. Lazima afungue lango, atoe michoro, aseme anataka rangi gani, aondoe vifaa vyake njiani. Historia ninayoisimulia hapa ni ya namna majaji na watunga sheria walivyoigundua kazi hiyo, wakati mwingine kwa kuchelewa mno, na namna waandishi wa mikataba wanavyojitahidi kuifuta tena.

Asili yake ni Roma, na haikuanzia kwenye ujenzi. Ilianzia utumwani. Bwana wa Kirumi aliweza kuandika katika wasia kwamba mtumwa fulani awe huru pindi atakapomlipa mrithi kiasi fulani, tuseme sarafu 10. Mtumwa huyo alikaa katikati, si huru bado, ila uhuru wake umekwisha kuandikwa na unasubiri sharti. Sasa mtazame mrithi. Sarafu 10 hazina thamani kwake kama mtu wa kumtumikisha miaka 20 ijayo. Njia rahisi ni kukataa kuzipokea. Mtumwa anakuja na fedha mkononi, mrithi anazirudisha, na kwa karatasi sharti halijatimizwa.

Wanasheria wa Kirumi walikataa ujanja huo. Mtumwa aliyezuiwa kulipa alihesabiwa kuwa amelipa, akawa huru. Baadaye wazo hilo lilitoka kwenye wasia likaenea kwenye makubaliano ya kila aina, na Ulpian, mwanasheria aliyetoka Tiro katika Lebanoni ya leo na kuuawa na walinzi wa kaisari mjini Roma, aliliweka katika sentensi moja: mwenye faida sharti lisitimizwe akilizuia lisitimizwe, lihesabiwe kuwa limetimia. Sentensi hiyo iliingizwa katika Digesta, mkusanyiko mkubwa wa sheria uliotangazwa na Kaisari Justinian mwaka 533, katika sura ya mwisho kabisa ya kanuni za jumla. Wasomi wa Bologna waliifufua katika zama za kati, na Wafaransa waliiweka katika Kanuni ya Madai ya Napoleon ya mwaka 1804. Haki hiyo ilipiganiwa kwanza kwa ajili ya watu wasiomiliki hata miili yao, na hilo lisisahaulike tunaposoma kesi za makampuni.

Waingereza hawakuwa wepesi kukiri kwamba wamechukua chochote Roma. Walifika hapo kwa njia yao, kesi moja moja, na moja ya zilizo nzuri kabisa ni ya mwandishi.

James Robinson Planché alikuwa mtunzi wa michezo ya kuigiza wa London na mtu aliyependa mno mavazi ya kale. Mwaka 1823 alimshawishi mwigizaji Charles Kemble amvalishe Mfalme John wa Shakespeare mavazi ya karne ya mfalme huyo hasa, badala ya mchanganyiko wa nguo za kila zama uliokuwa desturi ya jukwaa. Sifa hiyo ilimfikia mchapishaji Colburn, ambaye pamoja na mshirika wake Bentley alikuwa ameanzisha mfululizo wa vitabu vya vijana. Wakakubaliana Planché aandike kitabu cha mavazi na silaha za kale kwa pauni 100. Akaanza. Alikusanya maelezo, akasafiri kwenda kuangalia mkusanyiko wa mavazi ya vita ya kale, akaandika sehemu ya kitabu. Kisha mfululizo ukadorora sokoni na wachapishaji wakaufunga.

Hakuwa amekabidhi hata ukurasa mmoja. Hiyo ndiyo ilikuwa ngome ya wachapishaji: mkataba unasema fedha kwa kitabu, kitabu hakikuletwa, kwa hiyo hakuna fedha. Na wakaongeza kwamba wangeweza kukichapa kitabu hicho peke yake, nje ya mfululizo. Planché alikataa, na sababu yake ataielewa kila mwandishi. Kitabu kilichoandikwa kwa watoto huandikwa kwa namna yake, kwa urefu wake na lugha yake. Kukitoa mbele ya wasomi wazima kama kazi yake ya kitaalamu kungemharibia jina. Mwaka 1831 mahakama ilimwacha na pauni 50 alizopewa na jopo la raia waliosikiliza kesi. Wachapishaji ndio waliouondoa mfululizo duniani, na hawakuweza tena kusema kitabu cha mfululizo huo hakikuletwa. Kazi aliyokwisha kuifanya lazima ilipwe. Miaka 3 baadaye, 1834, Planché alitoa kwa mchapishaji mwingine historia ya mavazi ya Uingereza iliyosomwa kwa miongo mingi.

Katika kesi ya Planché na ile ya maseremala kuna jambo moja ambalo halikujibiwa. Mahakama ilisema aliyezuia hawezi kutumia kuchelewa au kutokamilika kwa kazi kama fimbo. Je, ana wajibu wa kusaidia? Kutomziba mtu njia ni jambo moja, na kumfungulia mlango ni jambo jingine. Jibu lilitolewa na mashine.

Kampuni ya wahandisi ya Dick na Stevenson, ya mji wa Airdrie huko Scotland, ilitengeneza mashine ya mvuke ya kuchimba udongo. Mkandarasi wa reli aitwaye Mackay alikubali kuinunua kwa pauni 1,125 kwa sharti la majaribio. Mashine ipelekwe kwenye mkato wa reli wa Carfin na ichimbe yadi za ujazo 350 za udongo wa mfinyanzi kwa siku ya saa 10, ikiwa imewekewa ukuta wa udongo uliofunguliwa ipasavyo. Ikishindwa, wauzaji waje waichukue.

Kiini cha kesi kiko kwenye huo ukuta. Mashine ya namna ile haipigi ardhi tambarare. Inasimama chini, mbele ya kingo ya udongo iliyokatwa wima, inatupa ndoo yake kutoka chini kwenda juu ikikwangua. Ukuta usipokuwa mrefu na mpana vya kutosha, ndoo inarudi nusu tupu, na mashine inapoteza muda kusogezwa huku na huku. Kuufungua ukuta huo kulihitaji watu na siku za kazi, na saiti ilikuwa ya Mackay. Hakuufungua ipasavyo. Baada ya majaribio yasiyotosheka akaihamishia mashine mkato mwingine, Garriongill, ikafanya kazi huko isivyomridhisha, akatangaza kwamba imeshindwa na hailipi. Wauzaji wakajibu kwamba majaribio yaliyokubaliwa ni ya Carfin, mbele ya ukuta uliofunguliwa, na hayo hayajafanyika.

Shauri lilipanda mpaka Bunge la Malodi, ambalo siku hizo lilikuwa mahakama ya juu kabisa, na hukumu ikatoka mwaka 1881. Lodi Blackburn, Mskoti aliyejenga jina lake katika sheria ya biashara ya Kiingereza, alisema jambo ambalo halikuwa limesemwa wazi namna hiyo: pande mbili zikikubaliana kitu kifanyike, na kitu hicho hakiwezi kufanyika bila wote wawili kushiriki, basi kila mmoja ameahidi kufanya yote yaliyo upande wake ili kifanyike, hata kama mkataba haukuandika neno lolote. Lodi Watson, Mskoti mwenzake, alifika hapo hapo kwa mlango wa Roma. Alikumbusha kwamba katika sheria ya Scotland, ambayo haikuona haya kuwafuata Warumi, sharti lililozuiwa na mwenye deni linahesabiwa kuwa limetimizwa. Mackay akalipa bei yote ya mashine. Sentensi ya Ulpian, iliyotokana na mtumwa na sarafu zake, ikawa imeamua kesi ya chombo cha mvuke.

Mwaka uliotangulia, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeamua shauri la nyasi, na kwangu hili ndilo linaloeleza uonevu huu vizuri kuliko yote. Baada ya kikosi cha jeshi la Marekani chini ya Custer kuangamizwa na Walakota na Wacheyenne huko Little Bighorn mwaka 1876, serikali ilijenga kambi mahali Mto Tongue unapomwagika katika Mto Yellowstone, katika eneo la Montana. Kambi ya jeshi lenye farasi inahitaji kuni na nyasi kavu kuliko inavyohitaji risasi, maana farasi wasiokula wakati wa baridi hawataona masika. Mwaka 1877 mtu aitwaye Peck aliingia mkataba wa kuleta vyote viwili.

Karibu na kambi palikuwa na mbuga moja yenye nyasi za kutosha, iliyoitwa Big Meadows. Peck aliitegemea hiyo, na maofisa walijua anaitegemea, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kukata nyasi nyingi kiasi kile katika nchi ile tupu. Kabla hajazikata, maofisa hao hao wakawaruhusu watu wengine waingie Big Meadows, wakate, waliuzie jeshi. Peck akabaki bila nyasi. Serikali ikahesabu kwamba amevunja mkataba, na tofauti ya bei ya nyasi ilizonunua kwa wale wengine ikaikata kwenye fedha za kuni zake, kuni ambazo alikwisha kuzileta zote vizuri.

Jaji Bradley hakuhitaji kutafuta mbali. Mkataba haukuitaja Big Meadows, hilo ni kweli, lakini wote waliokuwapo walijua nyasi zitatoka wapi, na mahakama inaruhusiwa kujua yale ambayo wenye mkataba waliyajua. Mwenendo wa upande mmoja ukimzuia mwenzake kutimiza ahadi, huo ni udhuru wa kutoitimiza. Serikali iliamriwa kumlipa Peck kuni zake. Naona uzito wa hukumu hii upo katika nani alishindwa: dola lenye jeshi, na lililokuwa na sababu ya haraka.  Mahitaji ya kambi yangeweza kuwa sababu ya kununua nyasi, ila hayakuwa sababu ya kumtoza Peck.

Wakati Peck bado hajaonana na mbuga yake, kanuni hii ilikuwa imekwisha kuandikwa mahali ambapo ingetufikia sisi. Waingereza waliokuwa wakitawala India waliamua kuipa nchi hiyo sheria ya mikataba iliyoandikwa, jambo ambalo kwao wenyewe nyumbani hawakuwa nalo na hawanalo mpaka leo. Makamishna waliiandaa London katika miaka ya 1860, James Fitzjames Stephen akaikamilisha India, na ikaanza kutumika tarehe 1 Septemba 1872. Kifungu cha 53 kinasema kwamba watu wakiwa wamepeana ahadi, na mmoja akamzuia mwenzake kutimiza ya kwake, aliyezuiwa ana hiari ya kuutengua mkataba na ana haki ya fidia kwa hasara aliyoipata. Kifungu cha 67 kinakwenda mbele zaidi. Kinamgusa mtu anayezembea au kukataa kumpa mwenzake nyenzo za kawaida za kutimiza ahadi, na mfano uliowekwa chini yake ni wa nyumba: fundi ameahidi kutengeneza nyumba, mwenye nyumba hataki kumwonyesha mahali palipoharibika. Fundi hana hatia ya kutoitengeneza, ikiwa kutoonyeshwa ndiko kulikosababisha.

Walioandika hivyo walikuwa wamewahi kuona ujenzi. Walitaja kukataa, wakataja na kuzembea, kwa sababu mara nyingi mwenye kazi hamzuii fundi kwa nia mbaya. Hapokei simu tu. Yuko safarini, ufunguo uko kwa mtu asiyejulikana aliko, na vigae ambavyo aliapa atavichagua Jumatatu havijachaguliwa mwezi wa pili unapoanza.

Uingereza ilipojikita pwani ya Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, haikuleta sheria ya mikataba ya London. Ilileta ile ya India, kama ilivyoleta rupia na makarani. Ilitumika Mombasa na bara la nyuma yake, ikatumika Unguja, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walipochukua Tanganyika kutoka kwa Wajerumani, ikatumika huko pia. Mwaka 1961 njia zikaachana. Kenya iliiacha sheria ya India na kufuata kanuni za Kiingereza zilizotokana na hukumu za majaji, kwa hiyo wakili wa Nairobi akitaka kumtetea mkandarasi aliyezuiwa anakwenda moja kwa moja kwa maseremala wa Liverpool na ukuta wa Carfin. Tanganyika ilitunga sheria yake mwaka huo huo na kubeba maneno ya sheria ya India karibu yalivyo. Ndiyo Sheria ya Mikataba ya Tanzania ya leo, Sura ya 345, na vifungu vya 53 na 67 vimo, kwa namba zile zile. Fundi wa Tandika au Nyamagana hahitaji Roma wala Liverpool. Haki yake imeandikwa katika sheria ya nchi yake.

Marekani iliendelea kuivuta kanuni hii mbali kuliko wengine. Mwaka 1912 Mahakama ya Rufani ya New York ilikutana na shauri la Patterson na Meyerhofer. Patterson alikubali kumuuzia Meyerhofer nyumba 4. Bado hazikuwa zake. Alitaka kuzinunua mnadani kwanza, na mnunuzi alilijua hilo. Siku ya mnada mnunuzi naye akaenda, akapandisha bei juu ya Patterson kila nyumba ilipoitwa, akazichukua zote mwenyewe. Zilimgharimu dola 620 pungufu ya bei aliyoahidi kumpa Patterson. Kisha akasema Patterson ndiye aliyeshindwa kuleta nyumba. Mahakama ilisema Patterson ana haki ya dola 620 hizo. Mnada uko wazi kwa kila mtu mjini, isipokuwa kwa yule aliyeahidi kununua kutoka kwa mtu anayeutegemea mnada huo huo.

Mwaka 1933 mahakama hiyo ikapanda ngazi nyingine. Kampuni ya Kirke La Shelle ilikuwa na haki ya nusu ya mapato endapo mchezo wa Alias Jimmy Valentine, wa mtunzi Paul Armstrong, ungerudishwa jukwaani. Makubaliano yalikuwa ya mwaka 1921, na haki za filamu zilibaki upande wa Armstrong. Mwaka 1921 filamu zilikuwa bubu. Mtu aliyeziona bado alikuwa na sababu ya kwenda kusikia waigizaji wakisema. Mwaka 1928 haki za filamu yenye sauti ziliuzwa kwa Metro-Goldwyn-Mayer, na mchezo ule ukasikika katika kumbi za sinema. Nani angelipia tena kuuona jukwaani? Hakuna kifungu kilichokataza mauzo hayo. Mahakama ikasema katika kila mkataba imo ahadi isiyoandikwa kwamba hakuna upande utakaofanya jambo la kuharibu haki ya mwenzake kupata matunda ya mkataba, na katika kila mkataba umo wajibu wa nia njema. Kampuni ikashinda. Kutoka hapo sheria ya Marekani iliujenga wajibu wa nia njema ambao Waingereza wamekuwa wakiutazama kwa mashaka mpaka karne hii.

Mashaka yao yana msingi, na nisipoyaeleza nitakuwa nimepotosha. Mwaka 1941 zilichapishwa hukumu za Bunge la Malodi katika shauri la Luxor dhidi ya Cooper. Dalali aliahidiwa pauni 10,000 endapo kumbi fulani za sinema zingeuzwa kwa mnunuzi atakayemleta. Alimleta mnunuzi tayari. Wenye kumbi wakabadili nia, wasiuze. Dalali akalia kwamba amezuiwa. Malodi wakamkatalia. Aliahidiwa donge kubwa kwa sababu alikubali hatari ya kutopata kitu, na mwenye mali hakuwahi kuuza uhuru wake wa kutouza. Madalali wetu wa viwanja wanaijua hali hii bila kuisoma popote. Huwezi kutumia kanuni ya kutozuiwa kumpokonya mtu hiari ambayo mkataba wenyewe ulimwachia. Swali la kwanza siku zote ni walikubaliana nini, na ndipo unauliza nani ameziba njia.

Liverpool ilirudi tena kwenye ukumbi wa historia hii katika miaka ya 1960. Halmashauri ya mji ilikuwa ikijenga maghorofa ya makazi kupitia kampuni ya Peak, nayo Peak ilimpa mkandarasi mdogo, McKinney, kazi ya nguzo za msingi zinazozamishwa ardhini. Nguzo zikakutwa na kasoro. Kosa la McKinney lilikuwa wazi. Lakini kurekebisha nguzo kulikuwa kazi ya wiki chache, na saiti ilisimama wiki 58, kwa sehemu kubwa kwa sababu halmashauri ilikaa na kukaa kabla ya kumteua mhandisi wa kuchunguza na kabla ya kuidhinisha mapendekezo yake. Ikaja na madai ya fidia ya ucheleweshaji kwa kila wiki. Mwaka 1970 Mahakama ya Rufani ilisema yale yale ya Baron Parke: mkataba haukuwa na kifungu cha kuongeza muda kwa makosa ya halmashauri yenyewe, tarehe ya kumaliza ikafa, na fidia iliyopangwa kwa wiki ikaondoka nayo. Miaka 132 ilikuwa imepita, katika mji ule ule.

Waandishi wa mikataba walikwisha kujifunza somo hilo zamani, halmashauri ile ilikuwa nyuma tu. Dawa ni kifungu cha nyongeza ya muda: ukizuiliwa na mwenye kazi, muda utaongezwa kwa kadiri ulivyozuiliwa, na faini itahesabiwa kutoka tarehe mpya. Watu wengi hudhani kifungu hicho ni zawadi kwa mkandarasi. Sivyo. Kimewekwa kumlinda mwenye kazi, ili kosa lake la wiki 1 lisiue faini yote. Na chenyewe hakina ubaya, kwa sababu maseremala wa mwaka 1836 kwa kweli walikuwa na wiki yao 1 ya uzembe ambayo hawakuilipia.

Ubaya unaingia kwa mlango wa taarifa. Mkataba wa kimataifa wa FIDIC, shirikisho la wahandisi washauri lenye makao yake Geneva, unatumika katika barabara, madaraja na miradi ya maji ya Afrika Mashariki. Katika toleo lake la mwaka 1999, kifungu cha 20.1 kinamtaka mkandarasi atoe taarifa ya madai ndani ya siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, tukio lililomchelewesha. Zikipita, muda hauongezwi na malipo ya ziada hayapo, hata kama aliyemchelewesha ni mwenye kazi mwenyewe.

Majaji hawajakubaliana juu ya hili. Katika eneo la Northern Territory, Australia, mwaka 1999, kesi ya Gaymark iliamuliwa kwa moyo wa zamani: mkandarasi hakutoa taarifa kwa wakati, ni kweli, lakini mwenye kazi hawezi kukusanya faini ya siku alizozipoteza yeye. Mwaka 2007, katika mgogoro uliotokana na ujenzi wa uwanja wa Wembley, Jaji Jackson wa London aliitilia shaka hukumu hiyo. Taarifa zina kazi, alisema, zinamwezesha mwenye kazi kurekebisha mambo mapema, na mkandarasi asipewe njia ya kunufaika na uvivu wake wa kuandika. Kisha mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ya Uingereza, katika shauri la North Midland dhidi ya Cyden Homes, ilitamka wazi kwamba kanuni ya kutozuia haiko juu ya mkataba. Pande mbili zikiandika kwamba ucheleweshaji wa mkandarasi ukienda sambamba na ule wa mwenye kazi mkandarasi hatapewa muda, basi hatapewa.

Naiheshimu hoja ya Jackson, lakini inafaa kampuni kubwa zenye dawati la madai na mwanasheria saiti. Mkandarasi wa daraja la chini wa wilayani, aliyepewa barabara ambayo wananchi bado hawajalipwa fidia ya mashamba yao, hana dawati hilo. Anafika na mtambo wa kukodi unaolipiwa kwa siku, anakuta mihogo na migomba kwenye njia ya barabara, na wenyewe wamesimama mbele ya mtambo kwa haki yao kabisa. Anampigia mhandisi, anaambiwa avumilie, malipo yako wizarani. Anavumilia. Siku ya 29 bado anavumilia, na hajaandika barua, kwa sababu kumwandikia mteja barua ya madai katika mwezi wa kwanza kunaonekana ni kutafuta ugomvi na mtu atakayetoa zabuni ijayo. Kifungu cha 53 cha sheria ya nchi kinamtambua kuwa amezuiwa. Kifungu cha 20.1 cha mkataba wake kinasema muda wa kulisema hilo umekwisha.